Nyama Iliyoitwa Matoni

Mzee Joackim alikuwa na ubishi wa kimyakimya, na huo ndio ubishi mbaya kuliko wote. Mtu wa kelele utamjibu, lakini huyu anayekukatalia kwa adabu utamfanya nini? Mwanawe Avit alipomwoa Nayna, binti wa duka la vitambaa pale Bukoba mjini, mzee hakusema neno. Alivaa suti, akaenda harusini, akapiga picha na Wahindi wote waliokuwapo, na wenyewe siku hizi wamebaki wachache. Ila chakula cha yule binti hakukigusa. Kila alipowatembelea kwao Kagondo alikuwa amekwisha kula njiani, au tumbo linamsumbua, au amefunga, hata kama ni Jumatatu ya Pasaka. Chai alikunywa. Sasa jamani, kwetu huku anayekataa chakula chako amekukataa wewe, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia Nayna jambo hilo. Alikuwa akiondoa sahani imejaa vilevile, anasema asante Baba, halafu anakwenda kulia jikoni.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kitoto. Zamani, Joackim na rafiki yake Rugemalira waliahidiana, wakiwa wamekaa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba watoto wao wataoana. Watoto wakakua, binti wa Rugemalira akaolewa Mwanza, na Rugemalira mwenyewe akasahau kwamba aliwahi kuahidi kitu. Joackim peke yake ndiye aliyebaki ameshikilia ahadi, kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Halafu mkewe, Benigna, akateleza shambani akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, Nayna alifunga mzigo akaja kumwuguza hukuhuku Rubya. Mzee alidhani atakaa siku mbili tatu aombe ruhusa. Wapi! Maharage yaliyopandwa wiki aliyofika yalivunwa akiwa bado yupo. Alimwogesha mkwewe, alimgeuza kitandani, asubuhi alimbeba mgongoni kumtoa nje aote jua, na yeye mwenyewe mwembamba kama nini. Kihaya alijifunza hapohapo, maneno ya jikoni na ya ugonjwa. Muda wote huo mzee alikula kwa dada yake Annastella, jirani, akisingizia kwamba hataki kumwongezea mwuguzi kazi.

Siku Benigna alipotembea mwenyewe kwa fimbo hadi mlangoni, Joackim alimkuta Nayna amejibanza nyuma ya nyumba, analia kwa furaha, hataki mtu amwone. Mzee aliona haya. Aliona haya kweli, haya ya kumfanya mtu mzima atazame chini. Akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa kutakuwa na chakula cha shukrani, na akamwendea Nayna mwenyewe.

"Jumapili pika wewe," alimwambia. "Nitakula chakula chako."

Nayna alipiga magoti kama wanawake wa huku wanavyofanya.

Kwao Nayna nyama haikuingia ndani. Mama yake, Anasuya, hata yai halikuvuka kizingiti chake. Lakini marehemu baba yake, Kamlesh, alikuwa mlaji, na ndoa yao ilidumu kwa sababu ya sufuria moja iliyokaa uani karibu na pipa la maji na haikukanyaga jiko la Anasuya maisha yake yote. Kamlesh alipika kwenye sufuria hiyo kila Jumapili, na Nayna ndiye aliyekuwa mkorogaji. Yeye mwenyewe nyama hajawahi kuila. Anapika kwa pua: anainama, ananusa, anadai hata chumvi ina harufu yake. Jumamosi Avit alileta nyama kutoka Muleba mjini, ikalala kwenye mtindi na tangawizi na vitunguu saumu, na kesho yake ilipokutana na mdalasini na karafuu, majirani walianza kupita mbele ya nyumba wakiwa hawana safari.

Mezani walikaa Joackim, Benigna kwenye kiti chenye mto, Annastella na Rugemalira. Avit alikuwa ametumwa soda, na pikipiki ikamgomea huko huko. Ndizi zilifunuliwa kwenye majani yake zikitoa moshi, nyama ikawekwa pembeni, na Rugemalira, ambaye ujanani aliwahi kupelekwa Bulgaria kusoma mambo ya ushirika na tangu hapo hatupumziki, akaanza. Kule, alisema, mnyama huchomwa mzima juu ya makaa mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Wamasai wanapenda mbavu zilizobanikwa kwenye mti bila hata chumvi. Waarabu wanaifukia ndani ya wali. Annastella akasema hao wote wanahangaika bure, nyama ni ya kuchemsha na ndizi, basi. Halafu akaonja ya Nayna, akachukua pande la pili.

"Hii kwenu mnaiitaje?" Rugemalira akauliza.

"Matoni," Nayna alijibu, amepiga magoti na birika la maji ya kunawa. "Baba yangu alinifundisha."

Joackim alikuwa na kipande mkononi, karibu na mdomo. Akakisimamisha hapo.

Mzee huyu alisoma seminari miaka miwili kabla ya kuona kwamba upadri haumfai, na Kiingereza alichotoka nacho hakikupotea. Walifundishwa kwa wimbo: ng'ombe akichinjwa ni bifu, nguruwe ni poku, kondoo ni matoni. Kondoo! Na kondoo, entama, ndiye omuziro wa ukoo wao. Haliwi. Babu hakumla, baba hakumla, Joackim hata ngozi yake hajawahi kuikalia. Tangu utotoni alijua kinachompata anayekula mwiko wa ukoo: ngozi inabambuka, meno yanang'oka, na wazee waliozikwa kibanjani, chini ya migomba, wanamgeuzia mgongo.

Akamtazama Annastella anavyotafuna. Dada yake hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na asiyejua hana kosa. Rugemalira ni wa ukoo mwingine. Benigna naye kwao kuna mwiko wao. Aliyejua ni yeye peke yake, na aliyejua ndiye anayehesabiwa.

Angeweza kuirudisha sahani. Nani angemlaumu? Lakini akirudisha, ataulizwa kwa nini, na akisema kwa nini, kabla ya jua kuzama Rubya nzima itajua kwamba Mhindi amemlisha Joackim entama. Nayna hatakanyaga tena nyumba hii. Na asiposema kwa nini, basi itakuwa yaleyale ya Kagondo, safari hii mbele za watu, baada ya yeye mwenyewe kumwahidi. Akamtazama. Binti alikuwa hatazami nyama, anautazama mkono wa mzee ulivyosimama hewani, na uso wake umeanza kujiandaa kusema asante Baba. Mzee aliujua uso ule. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Hapo alimpenda mkamwana wake. Alimpenda kwa uchungu, kama mtu anayechelewa mazishi ya ndugu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mzee akapiga moyo konde, akakitia kinywani, akatafuna, akameza. Akachukua kingine. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba nyama ilikuwa tamu, tamu ya ajabu, laini, inayeyuka. Akaomba kuongezewa ili asishukiwe, akaongezewa, akaomba tena, na mara hii ya pili sijui kama ilikuwa kwa sababu ya kushukiwa. Benigna alicheka, akasema huyu mzee alikuwa anajinyima nini siku zote hizi. Nayna alisimama na birika lake, anatabasamu, machozi yanamtoka.

Chakula kilipokwisha Joackim aliaga kwamba anakwenda kujinyoosha. Akapita katikati ya migomba mpaka kwenye kaburi la baba yake, akavua kofia.

"Tata," alisema kwa Kihaya, "nimekula entama. Nilijua, nikala. Kama kuna neno, liwe kati yako na mimi. Meno yangu haya hapa, yamebaki machache, yachukue. Mtoto usimguse. Amemuuguza Benigna kuliko ambavyo binti yangu angemuuguza. Usimguse, Tata."

Nyuma yake jani kavu la mgomba likavunjika. Nayna alikuwa amemfuata na maji, kwa kuwa aliondoka bila kunawa. Kihaya chake kilikuwa kidogo, lakini kumbuka ni cha jikoni, na hakuna neno la nyama ambalo hakulielewa.

"Baba," alisema, "ile ilikuwa mbuzi."

Mzee akageuka.

"Kwetu mbuzi ndiye tunamwita matoni. Wahindi wote wanasema hivyo. Avit alimnunua mwenyewe, muuza nyama alikuwa ameacha mkia ili mnunuzi aone ni mbuzi. Siku tulipoanza nyumba aliniambia kondoo ni mwiko wenu. Nyama mimi sili, lakini kondoo hajawahi kuingia kwangu. Hata sufuria iliyopika kondoo siazimi."

Joackim alikaa kwenye ukingo wa kaburi. Akacheka kidogo, akajipapasa meno kwa ulimi. Nayna hakucheka. Alikuwa bado anaipanga habari ile kichwani, na ilipojipanga, akaliweka birika chini.

"Lakini Baba hukujua ni mbuzi," alisema. "Ulijua ni kondoo."

"Nilijua."

"Na ukala. Ukaomba tena."

"Nikaomba tena."

"Kwa nini hukurudisha tu? Nimezoea."

Mzee alikuwa ameogopa neno hilo tangu mezani, na sasa lilipokuja lilimchoma vilevile. Kwa desturi yetu baba mkwe hamgusi mkamwana, hata machozi hawezi kumfuta. Alichoweza ni kusogea kwenye ukingo ule, akampisha nafasi mbele ya baba yake aliyelala.

"Nayna," alisema, "mimi kondoo nimekwisha kumla leo. Kwamba alikuwa mbuzi, hiyo ni bahati tu. Kaa hapa, mwanangu, Tata akuone."