Makaa ya Mama Nkwabi

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wote, kuanzia mtemi hadi mpishi wa bweni letu, kwamba mimi, Pantaleo, ndiye mwanzilishi wa Chama cha Kaka na Wadogo, kinachosifiwa leo kutoka Mwakitolyo hadi Geita.

Mwanzilishi ni Donatus. Mimi niliingizwa kwa kuvutwa sikio.

Donatus alikuwa nsumba ntale, mkuu wa vijana kijijini kwetu, anayewaongoza kulima mashamba ya watu kwa zamu. Alirudi kutoka mgodini na kikohozi na hasira. Wavulana wetu walikuwa wakitorokea huko kubeba mawe, na hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao kuwaambia lolote ila "Swaga ng'ombe." Basi akawapanga wawiliwawili, mkubwa na mdogo: walime mstari mmoja, wale chungu kimoja, na mdogo akikosa, mkubwa ndiye anayejibu. Walianza wachache, baada ya mavuno mawili vijiji vya jirani navyo vikaiga.

Niliporudi likizo kutoka seminari na Kilatini changu kidogo, nikapewa Nkwabi awe kaka yangu. Nkwabi, asiyejua hata kuandika jina lake! Nikatoa hotuba ya kupinga.

"Shika jembe, Padri," akasema Nkwabi.

Siku moja tukiwa tunapalilia pamba ya mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaja karani wa mtemi, Bwana Stanslaus, viatu viking'aa, akapanda juu ya kichuguu. Akasema chama ni kizuri mno, kwa hiyo sasa ni mali ya baraza, na vijana wote wataanza kuvunja kokoto za barabara ya mgodi. Bila ujira.

"Ni malezi," akasema. "Malezi ya kisasa!"

Donatus alitaka kujibu, kikohozi kikamkaba. Damu ilinichemka. Nikaomba ruhusa kwenda haja, kama mwanafunzi mwenye adabu.

Muda si muda yowe likapigwa kutoka kwenye mtama: simba!

Kwetu yowe halipuuzwi. Wanaume walikimbilia mikuki, wanawake wakaacha vyungu motoni, karani akatimka na kuacha kiatu kimoja. Mzee Marcel akaanguka korongoni, akavunjika mkono. Simba hakuwepo.

Jioni mwanangwa akauliza ni nani aliyepiga yowe la uongo. Nkwabi akasimama.

"Mimi."

Akahukumiwa yeye na mama yake: wasisalimiwe, wasipewe maji wala moto. Tena chama chenye kaka wa namna hiyo kitavunjwa baraza litakapokaa.

Nilimkasirikia mwanangwa. Nilimkasirikia karani, aliyerudishiwa kiatu chake kwa kupigiwa magoti. Nilimkasirikia mwenye duka, aliyemnyima Mama Nkwabi kiberiti huku akimtazama anavyotafuna viazi vibichi. Zaidi ya wote nilimkasirikia Nkwabi, maana nilijua hakupiga yowe lolote.

Asubuhi ya baraza nikatia makaa kwenye kigae, nikapita nyuma ya zizi hadi kwao. Donatus alikuwa ameketi mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Nikamweleza, kwa sauti ya kiaskofu, kwamba natimiza tendo la huruma.

"Kijiji kizima kinamhurumia mama huyu," akasema. "Hakuna aliyethubutu kumletea hata cheche. Wewe umethubutuje?"

"Kwa sababu ni uonevu! Nkwabi hakupiga yowe!"

"Umejuaje?"

Kigae kilikuwa kinaniunguza vidole. Nkwabi akachungulia nje.

"Mwache, Donatus. Mdogo akikosa, mkubwa anajibu. Si sheria uliyoiweka mwenyewe?"

"Nyamaza wewe!" nikafoka. "Nani alikuomba?"

Mama Nkwabi akatoka, akanipokea kigae bila kuniangalia usoni, akaingia nacho ndani. Nikabaki mikono mitupu mbele ya Donatus.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa kwenye mtama. Nilitaka karani akimbie. Sikumfikiria Mzee Marcel."

Donatus akasimama, akakung'uta suruali.

"Hayo utamwambia Mzee Marcel kwanza, kisha baraza. Tembea."