Mikono Kwenye Kioo cha Kushoto

Mume wangu Delmar alifariki mwezi wa Februari, na tangu Aprili, theluji ilipokwisha kuyeyuka uani, mimi nilikuwa nikilala ndani ya trela letu la kwendea kambini, lenye kitanda na jiko, badala ya chumbani mwangu. Sikumwambia mtu. Binti yetu Janelle aligundua siku moja alipopita asubuhi na mapema, akanikuta natoka humo na nguo za kulalia, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mama, una nyumba ya vyumba vitatu."

"Najua nina nyumba."

"Sasa unalala kwenye boksi la bati kwa sababu gani?"

Trela lilikuwa bado lina harufu ya Delmar, kahawa na dawa ya mbu, na humo niliweza kupata usingizi. Janelle hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya trela, akafikiri, kisha akanipa sharti.

"Mwisho wa kiangazi tutakwenda kambini Ziwa Halvor, mimi na wewe. Utaendesha wewe. Utaliingiza trela kiwanjani kinyumenyume wewe, bila mtu yeyote kukuelekeza. Ukiweza, sitasema neno tena. Ukishindwa, yule bwana wa mji wa Hibbing aliyekuja kuliangalia alinunue atalichukua Jumatatu yake. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Bila mtu yeyote, Mama."

"Nimesikia, Janelle. Sijawa kiziwi."

Ni lazima nieleze uzito wa sharti hilo. Kwa miaka thelathini na mmoja Delmar ndiye aliyeendesha, na mimi ndiye niliyesimama nyuma. Dereva anayerudisha trela haoni chochote nyuma yake isipokuwa kupitia vioo vya pembeni, kwa hiyo anayesimama nyuma ndiye macho yake. Ndoa nyingi nimeziona zikitetereka mahali hapo, mbele ya kambi nzima. Kila mume na mke wana ishara zao. Sisi, mkono wazi ulionyesha upande wa kwenda. Ngumi mbili zilizogusana zilikuwa na maana ya kunyoosha. Na kiganja juu ya kichwa kilikuwa na maana ya kusimama. Ishara hii ya mwisho ilizaliwa mwaka wetu wa kwanza, nilipoona trela linakwenda kugonga msonobari nikashika kichwa kwa hofu badala ya kupiga kelele. Delmar alisimama hapo hapo. Tangu siku hiyo hatukuhitaji ishara nyingine ya kusimama, wala hatukumfundisha mtu yeyote ishara zetu.

Kiangazi chote nilifanya mazoezi nyuma ya kanisa, ambapo Janelle alinipangia ndoo nne zilizopinduliwa. Siku ya kwanza niliua ndoo tatu. Polepole nilijifunza kushika usukani chini badala ya juu, ili mkono ukienda kulia na mkia wa trela uende kulia. Kufikia Agosti nilikuwa naua ndoo moja tu, na si kila siku.

Tulifika kambini Ijumaa ya tatu ya Septemba, yapata saa tisa mchana. Kiwanja chetu kilikuwa namba arobaini na moja, kile kile cha miaka yote, mgongo wake ukielekea ziwani. Kwenye nguzo palikuwa pamebanwa karatasi ya hifadhi yenye jina la mwenye kiwanja na siku ya kuondoka. Niliisoma nikiwa bado ndani ya pikapu: ENGEBRETSON, DELMAR. HADI JUMAPILI.

"Ni ile akaunti ya zamani," Janelle alisema upesi. "Nilitumia akaunti yake kuweka nafasi. Samahani, Mama, sikufikiri."

Nilimwambia si kitu. Lakini nilipotelemka kukikagua kiwanja, nilikuta koni zote za misonobari zimeokotwa kwenye changarawe, zimewekwa fungu moja kando ya duara la chuma la kuotea moto. Kazi hiyo, miaka yote, Delmar alikuwa akiifanya kabla ya kila kitu kingine, maana hakupenda matairi yapande juu ya chochote.

Bwana Tuominen, msimamizi wa kambi, alikuwa anakuja na kiti chake cha kukunja kwapani. Yeye na Delmar walivua samaki pamoja tangu ujana, na mimi huniita shemeji.

"Ni wewe uliyefagia hapa?" nikamwuliza.

"Mimi? Kwa mgongo huu? Shemeji, mimi huzoa majivu tu, na hayo nayo kwa kulalamika." Akakifungua kiti chake barabarani, mkabala na kiwanja. "Nimekuja kuangalia televisheni. Kambini hapa televisheni yetu ni watu wanaorudisha trela nyuma. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa mjini aling'oa nguzo ya maji. Tulicheka mpaka tukalowa machozi."

"Leo hutacheka," Janelle akamwambia. "Na usithubutu kumwonyesha kwa mkono."

"Mikono yangu hii hapa." Akaikalia.

Janelle akaenda kusimama karibu naye. Nilipanda kwenye pikapu, nikavuta mbele mpaka trela likapita mdomo wa kiwanja, nikatia rivasi, nikatazama kioo cha kushoto.

Delmar alikuwa amesimama nyuma ya trela.

Hakuwa kivuli wala ukungu. Alikuwa amevaa fulana yake ya kijivu, ile iliyochanika begani, na alisimama pale ambapo miaka yote nilisimama mimi, hatua mbili kutoka kwenye kona, ili dereva amwone. Nilitoa kichwa dirishani nikageuka. Palikuwa na changarawe, na maji yaking'aa kati ya miti. Nilirudisha macho kwenye kioo, naye alikuwepo. Aliinua mkono wa kulia, wazi, akauonyesha upande.

Mkono wangu ulikuwa kwenye usukani. Huo ulimtii. Trela likaanza kuingia. Alipogusisha ngumi zake mbili nikanyoosha. Alipoonyesha kushoto kidogo, nikampa kushoto kidogo. Kwa miaka yote hiyo nilidhani hakuwa akizitazama ishara zangu vizuri, kwa jinsi alivyokuwa akinung'unika. Kumbe alizijua zote, hata ile ya vidole viwili niliyokuwa nikiifanya nikitaka aende taratibu. Nilimtazama usoni. Sikuona furaha wala huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

Akaweka kiganja juu ya kichwa. Nikakanyaga breki.

Nilisikia makofi. Bwana Tuominen alikuwa amesimama juu ya miguu yake mibovu. "Kwa mkupuo mmoja! Delmar mwenyewe hakuwahi kuliingiza kwa mkupuo mmoja! Alikuwa anazunguka mpaka chakula kinapoa!"

Janelle alikuja mbio dirishani, macho yamejaa machozi. "Mama, umeweza. Limenyooka kama mstari wa rula. Nimeshindwa, nakubali. Trela ni lako."

Furaha yake ilinichoma. Nilitazama kioo tena. Delmar alikuwa bado amesimama, kiganja kichwani, akingoja. Sisi tulikuwa na desturi kwamba anayesimama nyuma haondoki mpaka dereva azime injini.

Ningeweza kuizima. Ningekuwa na trela, na kila Ijumaa ya kila kiangazi ningekuwa na yeye pia kwenye kioo, urefu wa kiganja. Nakiri kwamba nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini nilikuwa nimempa mwanangu neno langu, bila mtu yeyote, naye alikuwa amesimama mbele yangu akilia kwa kuniamini. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Mume wangu alifanya kazi mgodini miaka thelathini na minne. Alikuwa amekwisha kufa, na mimi nilikuwa bado namfanyisha kazi.

"Janelle, rudi barabarani," nikasema. "Nalitoa."

"Unalitoa? Limeingia!"

"Rudi barabarani, mwanangu."

Nilinyoosha mkono dirishani, nikakikunja kile kioo mpaka kikalala kwenye mlango. Sikumtazama wakati wa kukikunja. Kisha nikavuta mbele, trela lote likatoka.

"Shemeji!" Bwana Tuominen akapaza sauti. "Unakwenda wapi? Umesahau maziwa dukani?"

Safari hii nilitumia kioo cha kulia, na upande wa kushoto nilitoa kichwa dirishani na kutazama kwa macho yangu. Mara ya kwanza mkia ulielekea msituni. Nikatoka. Mara ya pili trela na pikapu vilikunjana kama kisu cha mfukoni. Nikatoka tena. Watu walianza kujitokeza kutoka viwanja vya jirani na vikombe vyao vya kahawa. Mara ya nne harufu ya dawa ya mbu iliingia dirishani, kali, kana kwamba mtu amejipaka sasa hivi, na ndani ya kichwa changu nilijua kwamba kwenye kile kioo kilichofungwa mikono ilikuwa inaonyesha, haraka, haraka zaidi, kushoto, kushoto, nyoosha. Shingo iliniuma kwa kujizuia.

"Niache, Delmar," nilimwambia, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyoongea jikoni. "Nitagonga mwenyewe."

Na niligonga. Mara ya tano nilikwangua meza ya mbao, na mtu mmoja barabarani akasema "uuuh". Mara ya sita trela liliingia, limepinda, limekaa kama jino lililoota vibaya, gurudumu moja nje ya changarawe. Lakini waya wa umeme wa trela ungefika kwenye soketi ya kiwanja. Nikazima injini.

Hakuna aliyepiga makofi. Janelle alifungua mlango wa upande wa pili, akaketi karibu nami.

"Ile mara ya kwanza kabisa uliliingiza vizuri," akasema. "Kwa nini umelitoa?"

"Kwa sababu mara ya kwanza nilielekezwa."

"Tuominen? Nilikuwa namwangalia! Mikono alikuwa ameikalia!"

"Si Tuominen."

Niliona anataka kuuliza kama nimekunywa dawa zangu, na niliona anaamua kutouliza. Akatazama ile karatasi ya nguzoni.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Fulana ya kijivu."

"Ile iliyochanika?"

"Ile."

Janelle alijiegemeza juu ya mapaja yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni, akatoa mkono dirishani, akakifungua kioo yeye mwenyewe. Tukatazama wote wawili. Palikuwa na ubavu wa trela, nguzo ya maji, na nyuma yake ziwa. Tulikaa hivyo mpaka mgongo wake ukachoka.

"Hayupo," akasema.

"Hapana."

"Mama, ungeweza kuzima injini tu. Mimi nisingejua."

"Wewe usingejua."

Jumatatu alimpigia simu yule bwana wa Hibbing na kumwambia trela haliuzwi. Mimi nilirudi kulala chumbani mwangu, maana ile harufu ilikuwa imetoka kabisa, hata kwenye mito.

Tangu wakati huo nimeliingiza trela katika viwanja kumi na kimoja vya hifadhi nne, mara nyingine vizuri, mara nyingine kwa aibu. Kioo nakiacha wazi. Kila mara, kabla ya kutia rivasi, hungoja kidogo huku nikikitazama. Wanaosubiri kupita nyuma yangu hudhani naogopa, na wengine huja dirishani kwa wema kabisa kuniuliza kama nahitaji mtu wa kunielekeza. Nawashukuru, nawaambia hapana.