Dawa ya Kichwa cha Ng'washi

Asubuhi ya tarehe 14 Desemba 1961, mzee Shimba wa Kisesa alikata roho kabla ng'ombe hawajatolewa zizini. Wanawake wa mji wake walipiga yowe. Mke wa mwanawe, Ng'washi, alipiga yowe pamoja nao, na ndani ya kilio chake mlikuwa na furaha ndogo aliyoionea haya: siku ya matanga wote watanyolewa.

Tangu azae mtoto mfu, mwezi wa tatu mwaka huo, nywele zake zilikuwa zikinyonyoka kwa mafungu. Utosini palitokea kiraka, kisogoni kingine. Alijifunga kitambaa, akakataa kusukwa na Paskazia, dada wa mumewe.

"Wifi, humo kitambaani umeatamisha mayai?" Paskazia alimwuliza kisimani, mbele ya watu. "Labda hayo yataanguliwa."

Mke aliyepoteza mtoto, kisha nywele, husemwa kuwa ana mkosi, na mwenye mkosi hurudishwa kwao. Kwa hiyo Ng'washi alikwenda Mwanza, mtaa wa Mirongo, kwa Salehe muuza dawa. Salehe alimfunua kope la chini, akaona weupe.

"Damu imekupungua, bibi. Hii ya salfa ni ya kupaka, asubuhi na jioni. Vidonge hivi vya kuongeza damu ni vya kumeza, kimoja baada ya chakula. Usizidishe hata siku moja, na watoto wasivifikie."

"Nywele zitarudi lini?"

"Nywele hazijui haraka. Hesabu miezi."

Alipaka, akameza. Chupa ya vidonge na kopo la salfa alivizika ndani ya chungu cha mtama. Mvua za vuli zilipoanza, vinyweleo laini vilikuwa vimeota utosini, naye akanunua chupa nyingine. Kisha mzee akafa. Ng'washi akadhani Mungu amemfupishia safari: vichwa vyote vikiwa vipara, nani atajua kipi kilikuwa na kiraka?

Siku ya kunyoa aliketi wa kwanza. Hapo ndipo alipokosea. Kichwa kilichonyolewa hubaki na weusi wa mashina ya nywele. Kiraka hakina mashina, hung'aa. Paskazia alipitisha wembe, akasita, akapapasa kwa kidole.

"Njooni mwone," alisema. "Hapa wembe hauna kazi. Kuna aliyetutangulia kunyoa."

Wanawake waliangua kicheko. Kisha mmoja akainama, akanusa, akauliza harufu hiyo ni ya nini, na kicheko kikakatika. Paskazia aliingia nyumbani mwa Ng'washi, akatoka na kopo na chupa, mikono imejaa vumbi la mtama.

"Uji wa baba alikuwa akipika nani?"

Wote walimgeukia Ng'washi.

Chenge, mdogo wa marehemu, aliitikisa chupa. Ilikuwa imejaa karibu hadi shingoni. "Mkwe, hii ni nini?"

"Dawa yangu ya nywele, baba."

"Ya kumeza? Nywele zina tumbo?"

Ng'washi alimtazama mumewe, Mihayo. Mihayo alitazama miguu yake mwenyewe. "Kama ni dawa, meza," alisema. "Meza yote, tumalize maneno."

"Muuza dawa alinikataza kuzidisha."

"Mmemsikia?" Paskazia alisema. "Sumu yake anaijua kipimo."

Kukataa kungekuwa kukiri. Alimeza kiganja baada ya kiganja, Paskazia akimshikia kata ya maji.

Jioni ile alitapika damu. Kesho yake kutapika kukakoma. Akaketi, akaomba uji, akaunywa. Chenge alikuja kumwona. "Hajafa. Hana hatia," alitangaza, akamwamuru Paskazia aombe radhi. Paskazia aliomba huku akitafuna muwa. Mihayo alimtandikia mkewe ngozi kivulini, naye akamwambia mumewe kwamba yafikapo mavuno angesukwa tena.

Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya manjano na maneno yake hayakuungana. Mihayo alisimamisha lori la samaki wakavu lililokuwa likienda Mwanza, akampakia juu ya magunia. Walipofika Nyakato dereva alizima injini, akapanda nyuma, akamwekea Ng'washi kiganja mbele ya pua. Akangoja. Kisha akashuka, akafungua ubao wa nyuma.

"Mimi sibebi maiti," alisema.

Mihayo alimshusha mkewe, akamlaza kando ya barabara.