Mzigo wa Mpangaji Hukaa Juu

Simu ililia Feza akiwa anapima mafuta ya mawese sokoni Kasongo, akaipokea kwa mkono unaoteleza bila hata kutazama nani anapiga. Wiki tatu nzima alikuwa hali wala halali kwa ajili ya simu hiyo. Kamyo ya mizigo ikinguruma barabarani, yeye kasimama. Moto, yaani pikipiki, ikitoka upande wa Kabambare, yeye kaikimbilia kumwuliza dereva habari za mizigo ya Kalemie, hadi madereva wakaanza kupita nyuma ya msikiti ili kumkwepa.

"Aloo! Ni Junior wa depo ya Kabambare. Mizigo ya boti imefika. Kuko marobota tatu hapa, zimeandikwa jina Aziza, lakini karatasi ya ndani iko na namba hii yako. Ni za nani?"

"Ni zangu!" Feza alipiga kelele mpaka wateja wakacheka. "Zangu zote tatu! Hazikuloa?"

"Hapana. Zilikuwa chini kabisa."

"Alhamdulillahi! Mwaka huu na mimi nimekaa chini!"

Kumbe hakusikiwa na mmoja. Junior alikuwa ameiweka simu kwenye sauti kubwa, katikati ya depo iliyojaa wachuuzi. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, polepole, ikimwita Feza kwa jina la mwanawe. "Mama Lukumani, ni miye Laetitia. Zako ziko kavu. Zangu tano ziko ndani ya ziwa. Bwana yako alizitupa." Simu ikakatika.

Sasa ngoja nikueleze, maana mkasa huu ukiusikia juujuu utamlaani asiyestahili. Bidhaa nyingi za wachuuzi hawa hupanda boti Uvira, hushuka na ziwa hadi Kalemie, kisha hupakiwa kamyo. Boti moja hubeba vya watu ishirini: sabuni, sufuria, biskuti, kandambili, betri, magodoro, vikwembe vya wanawake kujifunga. Anayejua nini kikae wapi ni mpangaji, na mpangaji wa boti ile ni Ismaël, mume wa Feza, ambaye huisindikiza mizigo hadi Kabambare. Wapangaji nao wana sheria yao isiyoandikwa popote: mzigo wa mpangaji hukaa juu. Ziwa likichafuka na boti ikilemewa, cha kwanza kutupwa ni cha juu. Basi chake ndicho kitangulie, ndipo watu wamwamini na vyao. Asiyekubali hilo na akalime mihogo.

Sheria nzuri, sikatai, lakini aliyekuwa akiilipia ni Feza. Kukaa juu ni kukaa mvuani. Miaka minne alipokea biskuti zilizogeuka uji, viberiti visivyowaka na sabuni iliyogandamana na gunia lake. Mara mbili hakupokea kitu, vyote vilimezwa na maji. Akilalamika, Ismaël humjibu kwa ule upole wake unaokera: "Feza, watu wananipa vitu vyao juu ya jina langu tu. Sina kingine." Naye Feza moyoni husema jina halipikwi likaliwa.

Safari hii alikuwa amekusanya nguvu zake zote kununua madaftari, shule zikikaribia kufunguliwa. Akampigia binamu yake Aziza kule Uvira, ndiye humfungia mizigo. Usifunge kile kitambaa changu cha kijani, alama anayoijua Ismaël, alimwambia. Andika jina lako, na Ismaël akiuliza, mwambie mwaka huu sikuagiza kitu. Aziza akacheka, akafanya. Ismaël akayapokea marobota yale kama mali ya Aziza mwenyewe, na kwa kuwa yalikuwa karatasi, akayalaza chini kabisa, pakavu. Juu yakakaa ya Laetitia, mjane wa Kabambare mwenye watoto sita, kwa kuwa yalichelewa kufika bandarini. Njiani ziwa likachafuka. Mengine umeyasikia.

Feza alimpigia Ismaël jioni nzima, simu imezimwa. Alfajiri akapanda moto ya Salomon, mtu wa maneno mengi, wakashika njia ya Kabambare. Pale kiti cha nyuma hakutulia hata kidogo. Mara ainamie kulia, mara kushoto, mara atoe simu, mara airudishe.

"Mama, ukiendelea kucheza hivyo tutalala ndani ya matope wote wawili," Salomon alimwambia. "Kuko siafu ndani ya kikwembe?"

Kabla ya Wamaza mnyororo ulikatika. Salomon akachuchumaa kuutengeneza, Feza akatembea huku na huku kandokando ya shamba la mihogo, midomo ikimcheza. Mwishowe akamwambia yote, kwa kuwa yalikuwa yanamchoma. "Wanasema Ismaël alificha vitu vya muke wake akatupa vya mujane. Yeye! Mutu ambaye hajawahi kuniwekea hata sabuni moja pakavu! Nitasimama mbele yao niseme ni miye. Waniite mwizi. Wasinipe tena mkono sokoni. Bora niitwe mwizi kwa haki kuliko yeye kuitwa mwizi bure."

"Basi si umemaliza?" Salomon alijibu, akijipangusa mafuta kwenye suruali. "Useme vile vile. Nani atakukatalia ubaya wako mwenyewe?"

Maneno hayo yalimtuliza hadi mlima wa kwanza, kisha wasiwasi ukarudi.

Walifika jua limeshainama. Depo ya Junior ilikuwa imejaa akina mama, na katikati yao, juu ya gunia la chumvi, amekaa Ismaël, kofia mkononi. Feza alishuka kabla moto haijasimama vizuri, akaanguka kwa goti moja, akainuka.

"Munisikilize!" alisema, akitweta. "Ismaël hakujua kitu. Ni miye nilimuambia Aziza aandike jina lake. Nilichoka kukaa juu. Nilimudanganya bwana yangu, na nyinyi wote. Mama Laetitia, zambi ni yangu."

Hakuna aliyeshtuka. Akina mama walitazamana, wengine wakatikisa kichwa kwa huruma. Laetitia alijitokeza mbele, macho mekundu.

"Mama Lukumani, pole ya safari," alisema. "Bwana yako alishatuambia yote jana, saa ile simu ilikatika. Alisema ni yeye mwenyewe alikuandikia jina la uongo. Tamaa ilimushika, amesema. Kapiteni wa boti amepiga simu, amekwisha kumufukuza."

Feza aligeuka. Ismaël alikuwa anatazama chini. Miaka ishirini ya ndoa, alizijua zile kope: zilishuka hivyo kila alipokuwa amekata shauri na hataki kuulizwa.

"Anadanganya!" Feza alilia. "Baba Lukumani, kwa nini? Waambie!"

"Tulia, Feza," Ismaël alisema. "Yamekwisha."

"Hayajaisha!" Akatoa simu, akampigia Aziza, akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie. "Aziza, niko hapa Kabambare, mbele ya watu. Nani alikuambia uandike jina lako juu ya marobota yangu?"

Aziza alikohoa. "Ni Ismaël," alisema. "Ni yeye alinituma, dada." Feza akaelewa kwamba Ismaël, kabla ya kuizima simu jioni ile, alikuwa amempigia Aziza kwanza, ili lawama imwangukie yeye peke yake.

"Mumesikia?" mama mmoja alisema nyuma, akifyonza. "Na bado anamukingia kifua."

Feza aliliendea robota la kwanza, akalivuta kwa nguvu asizokuwa nazo, akalibwaga miguuni pa Laetitia. Akarudi kwa la pili. "Chukua yote tatu," alisema. "Si zawadi. Ni vyako. Miye ndiye niliyekutupia vyako majini, unasikia? Ni miye!"

Laetitia akamshika mabega. Naye alikuwa analia sasa. "Nasikia, ndugu yangu. Muke anayebeba zambi ya bwana yake mbele ya watu, na bado anatoa mali yake, miye sijawahi kumuona. Mungu atupe mioyo kama wako."

"Sina moyo! Mimi ni mwizi!"

"Basi, basi, mama," walimwambia, wakimzunguka, mmoja akimpangusa uso kwa ncha ya kikwembe chake, mwingine akimletea maji. Aliwasukuma, akapiga kelele, akaapa kwa kaburi la mama yake. Kadiri alivyozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kumtukana Ismaël.