Dugnad ya Paa la Gunnvor

Upepo wa vuli ulikuwa umeng'oa nusu ya paa la Gunnvor, na theluji ilikuwa njiani. Lisipoezekwa upesi, mwanawe Eivind angempeleka nyumba ya wazee mjini, alikwishamwambia. Basi mjane wa watu alizunguka bonde zima, mlango kwa mlango, akiwaita watu kwenye kazi ya ujima: Jumamosi njooni, dugnad kwangu. Wote wakaitikia. Wangekataaje? Hakuna paa bondeni ambalo yeye na marehemu mumewe hawakusaidia kuliezeka.

Babu yake alizoea kumwambia kwamba neno hilo ni la kale kuliko kanisa, na mzizi wake ni kufaa. Anayekwenda dugnad ni mtu wa kufaa. Asiyekwenda, babu alitema mate tu.

Siku ilipofika akapika sufuria kubwa la uji wa malai, maana ndiyo ada: mwenye nyumba hulisha, na ujira hautajwi. Asubuhi ikaisha, uji ukafanya utando, hakuna aliyetokea. Akavaa viatu akamwendea Sjur, jirani yake wa tangu utoto, akamkuta anapasua kuni.

"Sjur, leo umekuwa kiziwi? Au mgongo umekufa?"

"Usinitanie, Gunnvor. Mwanao kanipigia simu juzi. Ananiuliza nachukua bei gani kwa saa."

"Eivind?"

"Kawapigia wote. Eti hataki mama yake aombeombe. Atatulipa, tena tumpe risiti! Kumbe miaka yote ile mimi nilikuwa kibarua wako?"

"Si mimi niliyesema hayo. Mimi nimepika uji."

"Najua," Sjur akasema, akainua shoka tena.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini ukimtajia bei humpati tena. Eivind hakulijua hilo. Amesoma sana yule, na hajawahi kupanda paa la mtu.

Kesho yake theluji ikaanza kuingia jikoni, na Eivind akaja na gari. Akakuta mizigo imefungwa.

"Umewaona watu wako, mama? Hata kwa hela hawakuja!"

"Bure wangekuja."

Gunnvor akapakua uji wa jana, baridi, akamsukumia bakuli.

"Kula, mwanangu. Niliwapikia watu wa kufaa, lakini umekuja wewe."