Nirudishie Nyuma Kidogo

Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akasema haendi tena.

"Leo huendi, au huendi kabisa?" nikamuuliza.

"Kabisa. Nimechoka, mama watoto."

Nilijua maana ya neno hilo. Daktari alikuwa ametueleza bila kuzunguka: figo zake zilikuwa zimelala, na asiyesafishwa damu kwa mashine hakai. Nikaketi kando yake. Sikulia. Machozi yangu yana tabia ya kungoja nimalize kazi kwanza.

Alikuwa fundi majokofu, mtu wa ngazi na spana, mtu wa kupiga soga na kila mwenye duka. Ugonjwa ulimchukua mtu huyo ukamlaza kwenye kiti cha hospitali, mara tatu kila wiki, asubuhi mpaka adhuhuri, mkono mmoja umefungwa mirija, mwingine huru. Na mkono ulio huru siku hizi sote tunajua unakwenda wapi.

Chumba kile kilikuwa na mashine zilizopangwa kando ya ukuta, kila moja ikinguruma taratibu kama mtu anayewaza. Runinga ilisema peke yake huko juu. Wagonjwa walikuwa wameinamia simu zao, na sisi tuliowasindikiza, kwenye benchi, tumeinamia zetu. Mume wangu alitazama mpira: mechi za juzi, mechi za miaka iliyopita, mechi ambazo matokeo yake aliyajua kama jina lake.

"Unatazama nini, na bao unalijua?"

"Naangalia kama watafunga tena."

Wakati huo bado alikuwa anatania. Baadaye hata utani ulikauka. Kidole gumba kikawa kinasukuma picha juu, picha juu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayetafuna kitu kilichokwisha utamu zamani.

Kiti cha jirani, kile cha dirishani, kilikuwa cha bibi mmoja aliyekuwa mshonaji. Kisukari kilianza na figo zake, kikamalizia na macho. Mjukuu wake alimwekea simuni kisomo cha sura moja ndefu ya Kurani aliyotamani kuihifadhi kichwani. Ila simu ilikuwa ya kioo kitupu, haina kitufe cha kupapasa. Msomaji akimwacha nyuma, bibi hakuwa na la kufanya ila kungoja sura iishe ianze upya. Siku moja akamgeukia mume wangu.

"Baba, samahani. Hebu nirudishie nyuma kidogo."

Akamrudishia. Hajaweka vizuri nyaya zake masikioni, akasikia, "Tena, baba."

Ikawa ndiyo kazi. Mchezaji anakaribia goli, bibi anataka kurudishiwa. Nyumbani mume wangu alinung'unika, "Yule bibi amenifanya kitufe chake." Lakini hakuna siku aliyomkatalia.

Mara moja alimchokoza, nami nikiwa nimesimama hapo. "Bibi, kuhifadhi kote huku, unajiandaa na mtihani gani?"

Bibi hakukasirika. "Nilipokuwa na macho, mwanangu, nilikuwa na cherehani, na watoto, na wateja wanaotaka nguo zao jana. Kila siku nasema, nikipata nafasi. Sasa Mungu amenipa nafasi, tena amenifunga mkono nisiikimbie. Nikifika kwake ataniuliza niliifanyia nini. Nimwambie nilikuwa nasikiliza mashine?"

Mume wangu aliitazama simu yake, kama anavyolitazama jokofu ambalo hajajua linavuja wapi.

Ningependa kusema alibadilika siku hiyo. Mtu si taa. Aliendelea na mpira wake na kunung'unika kwake, kisha zikaja wiki mbaya. Presha ilikuwa ikishuka akiwa kwenye mashine, misuli inamkaza, anarudi nyumbani anatapika. Viti viwili vya wenzetu vikawa vitupu, na hakuna aliyeuliza. Ndipo ilipokuja asubuhi ile ya kiatu mkononi.

Nilimwambia yote ninayoyajua. Nikamtajia watoto. Nikamkumbusha kwamba mwili ni amana, na mwenye amana hajaidai bado. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili. Nikaishiwa.

"Leo ni siku ya bibi pia?" akauliza.

"Ni siku yake."

"Mjukuu humwacha mlangoni, akaenda kazini."

"Ndiyo."

"Na wauguzi hawana hata pumzi."

"Hawana."

Akakigeuza kiatu, akatazama soli. "Sasa nani atamrudishia nyuma?"

Yapo maswali ukiyajibu unayaharibu. Nikaangalia sakafu, na nilipoinua macho alikuwa anakaza kamba za kiatu cha pili.

Kuanzia hapo nyaya za masikioni zilibaki nyumbani. Bibi alisikiliza kwa simu yake, mume wangu akafuata maandishi kwenye simu yake mwenyewe, na bibi alipojikwaa alimtajia neno. Mpira haukufa. Ulihamia jioni, sebuleni, pamoja na watoto, kwa kelele ambazo majirani walizilalamikia.

Bibi ametangulia. Mume wangu naye ametangulia, miaka mingi baada ya ile ambayo daktari alimkadiria. Nikiwakumbuka, hunijia siku ambayo bibi alitangaza kwamba ataisoma sura yote. Muuguzi alizima runinga. Simu zikalazwa mapajani, moja baada ya nyingine, bila kuombwa. Nimeswali sehemu nyingi, lakini utulivu kama ule sijaupata tena, na mashine zilikuwa zikinguruma vilevile.

Alisoma polepole, sauti nyembamba isiyo na haraka. Karibu na mwisho akakwama. Midomo ilicheza, neno halikuja. Tukangoja. Nikamwangalia mume wangu ili amtajie, nikaona simu yake imezimika, kioo cheusi. Macho alikuwa ameyafumba. Akataja neno, akataja na la pili. Bibi akayadaka, akaendelea mpaka akafika.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi alipumua, akageuza uso.

"Uliona kwenye simu, baba?"

"Hapana, bibi. Chaji imeisha tangu mwanzo."

Bibi akaipapasa simu yake mapajani.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema. Akanyoosha mkono wake ulio huru, akampa simu yake. "Haya, niwekee sura inayofuata."