Shairi la Ndunge Mbele ya Jaji

Mimi kukaa kitako siwezi. Hata kanisani nahama kiti mara tatu. Sasa uniweke ukumbini mwa shule pale Mbumbuni tangu saa mbili asubuhi, nimsubiri msichana wangu Ndunge asome shairi, si ni kunitesa?

Ndunge yuko gredi ya nne. Sauti yake ndogo, na darasani hata kuomba ruhusa ya choo anaona haya. Hajawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, hata kugawa vitabu. Mwaka huu Mwalimu Nzioka akamchagua. Akishinda hapa, anaenda mjini Wote kwa tamasha la kaunti. Wiki tatu tumekariri tukipepeta mbaazi, mpaka baba yake naye akalishika:

Kuku wetu wa kishingo,
Karuka juu ya ungo,
Kamwaga mbaazi zote,
Tuokote, tuokote!

Jina lake likaitwa saa saba. Akapanda jukwaani, soksi moja imeteremka. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena.

"Mama Ndunge, tulia, unatutia wasiwasi," Mwalimu Nzioka akaninong'oneza.

Ndunge akatutazama. Kisha, kwa woga, akafanya vile watoto wetu hufanya kila Jumapili wakiitwa mbele kusema mstari wa Biblia.

"Bwana asifiwe!"

Hapo angejirudi. Angekohoa, aanze shairi, yaishe. Lakini kuna mtu aliyeruka kutoka kitini na kujibu, "Amina!" kwa sauti ya kuvunja vioo. Mtu huyo ni mimi. Ukumbi mzima ukafuata: "Amina!"

Ngai! Niliona uso wa mtoto ukitulia, mabega yakashuka. Kichwani mwake alikuwa ameshafika kanisani. Akafumba macho, akasema Zaburi ya Jumapili iliyopita, neno kwa neno, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake. Akainama, akashuka akitabasamu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Nzioka alishika kichwa.

Nilifika kwa meza ya jaji kabla hajaweka kalamu chini. "Madam Waringa, kosa ni langu. Mrudishe mtoto, tafadhali."

"Mama, kila mtoto hupanda mara moja tu," akasema, kwa upole ulioniudhi zaidi. "Amesema vizuri sana. Lakini shairi sikulisikia."

Nikamtoa Ndunge nje, mpaka kwenye tangi la maji, nikamwambia alisema Zaburi badala ya shairi na Wote hatuendi. Sikupamba. Halafu akasimama wima, mikono kando, akanisomea shairi lote, beti zote nne, bila kukwama hata mara moja. Mimi nilikaa juu ya jiwe, sikutingisha hata kidole. Iliniuma, haki.

Alipomaliza akaniuliza, "Mama, mbona uliitikia?"

"Nilitaka watu wajue wewe ni wangu."